Bi Pindo na Wakili wa Mbali

Bi Pindo alikuwa fundi cherehani. Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wateja, kwa sababu nguo haikutoka mikononi mwake kabla hajakagua pindo mara mbili. Ukimwambia una haraka, anakuambia, "Haya, kaa chini uharakie hapo." Mtu akakaa, afanyeje?

Alipanga chumba cha mwisho katika korido ndefu. Wapangaji wengine walitoka asubuhi na kurudi jioni. Mbele ya mlango wake hapakuwa na mlango wa jirani. Palikuwa na ukuta mtupu. Kwa hiyo hakuna aliyepita pale kwa bahati. Aliyefika alikuwa amemfuata yeye, na siku nyingine hakufika mtu kabisa.

Mumewe alikuwa amefariki miaka sita iliyopita. Tangu hapo, sauti aliyoisikia kutwa nzima ilikuwa ya cherehani. Akaanza kuongea nayo. "Leo umeamka vibaya wewe," aliiambia uzi ulipokatika. Cherehani ina mema yake mengi, lakini kujibu haijui.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, mwanamume. Alifanya kazi katika mji mwingine, mwendo wa siku nzima kwa basi. Hakuwa mtoto mbaya, tusimsingizie. Kila mwisho wa mwezi alipiga simu. "Mama, hujambo? Umekula? Haya, nitakupigia." Dakika mbili, kwisha. Bi Pindo alibaki ameishika ile simu, anaitazama kama mtu anayengoja chenji.

Siku moja alipeleka suruali kwa mwalimu mmoja mstaafu. Mwalimu aliingia ndani kuijaribu. Bi Pindo akamsubiri kwenye baraza. Nyumba ile ilikuwa ya vyumba viwili, na baraza lake lilitazama njia ya kwenda shule na zahanati. Watu walipita. Na kila aliyepita alisalimia.

"Hujambo, mama?"

"Sijambo, mwanangu."

"Habari za hapa, dada?"

"Nzuri. Za utokako?"

Mwalimu alipotoka na suruali yake, Bi Pindo alikuwa amesalimiwa na watu saba. Aliwahesabu. Watu saba kwa suruali moja!

"Imenikaa vizuri," alisema mwalimu. "Ni hiyo nitakayohamia nayo. Nauza nyumba, nakwenda kuishi na dada yangu."

Bi Pindo aliwaza atakavyoweka cherehani yake pale pale barazani. Hakulichelewesha wazo hilo. Kesho yake alikuwa benki. Akiba alikuwa nayo, ya miaka mingi. Benki ikakubali kumkopesha fedha zilizopungua, ikampa barua. Katika barua palikuwa na mstari uliosema kwamba mnunuzi atumie wakili aliye katika orodha ya benki. Bi Pindo aliusoma mstari huo, akakunja barua. Mwalimu naye akampa muda. "Mkataba tuusaini kabla ya mwisho wa mwezi ujao," alisema. "Ikishindikana, yupo mnunuzi mwingine anayengoja."

Jioni ile Bi Pindo alimpigia mwanawe.

"Mama, usihangaike," alisema kijana. "Nina rafiki yangu wakili huku. Tulisoma wote. Mwachie yeye mambo yote."

Basi hapo ndipo mambo yalipogeuka. Simu, iliyokuwa inalia mara moja kwa mwezi, ikaanza kulia kila baada ya siku mbili. "Mama, wakili anataka nakala ya kitambulisho." "Mama, wakili anauliza, jina la mwalimu limeandikwaje?" "Mama, ile barua ya benki ina kurasa ngapi?" Na kila mara, kabla ya kukata, waliongea mawili matatu. Mwana akamwambia kwamba kiatu kinambana. Mama akamwambia kwamba mvua imeingia dirishani. Bi Pindo alianza kuimba akishona. Wakili yule hakumjua hata kwa sura, lakini alimpenda.

*

Katika chumba cha kwanza cha korido aliishi mama mmoja mstaafu, ambaye watu walimwita Karani. Alikuwa amefanya kazi miaka thelathini katika ofisi ya ardhi, akitunza majalada. Siku moja alileta gauni lake lipanuliwe.

"Gauni limesinyaa," alisema Karani.

"Gauni halijasinyaa, mwenzangu," Bi Pindo alijibu. "Inua mikono."

Wakacheka. Alipokuwa anapimwa, Karani aliuliza habari za nyumba.

"Ina wakili wake," Bi Pindo alisema kwa fahari. "Rafiki wa mwanangu. Yuko kule kule kwake."

"Ameiona nyumba?"

"Ataionaje? Yuko mbali."

"Ofisi ya ardhi ya hapa amefika?"

"Anasema atatuma mtu."

"Yumo katika orodha ya benki?"

Bi Pindo akajifanya ana pini mdomoni.

"Nakuuliza wewe, Bi Pindo! Mtu akikupigia simu akakuambia, nishonee suti, mimi ni mrefu kiasi, utakata kitambaa?"

"Nikate nini? Sijampima!"

"Sasa nyumba unanunuaje kwa simu? Wakili wa hapa anaijua ofisi ya ardhi. Anajua jalada liko chumba gani. Anajua njia zipi zitapanuliwa na viwanja vipi vina ugomvi. Akitia shaka, anavaa viatu, anakwenda kuona. Huyo wa mbali ataona karatasi tu."

"Na hiyo orodha ya benki ni ya nini? Wakili si wakili?"

"Benki inatoa fedha zake. Hati ya nyumba itakaa kwao mpaka umalize mkopo. Hiyo ndiyo rehani. Kwa hiyo wanataka wakili waliyemkagua, atakayewaandikia barua ya ahadi kwamba hati itahamishwa na rehani itasajiliwa. Wasiyemjua hawampi fedha. Hata awe mzuri kama nini."

Bi Pindo alizungusha futi kiunoni mwa Karani, akaandika kipimo. Alijua kwamba maneno yale ni ya kweli. Kabisa alijua. Lakini alisema, "Mwanangu ndiye aliyemchagua. Siwezi kumvunjia heshima."

Kesho yake simu ililia tena. "Mama, wakili anasema..." Bi Pindo akakaa vizuri kitini, asikilize.

*

Wiki tatu zilipita. Zilipobaki wiki mbili kufika siku aliyoiweka mwalimu, benki ilimwita.

"Mama," alisema afisa wa mikopo, "wakili huyu hayumo katika orodha yetu. Hatuwezi kupitisha mkopo kwake. Barua yetu ilieleza."

"Nilisoma," Bi Pindo alisema polepole.

"Ulisoma?"

"Nilisoma, baba. Macho yangu mazima."

Alipita kwa mwalimu kuomba muda. Mwalimu alikuwa anafunga vitabu vyake kwa kamba. "Fundi, nakuheshimu," alisema, "lakini dada yangu ananingoja. Mwisho wa mwezi ni mwisho wa mwezi."

Bi Pindo alirudi. Aliiona ile korido, akauona ule ukuta mwishoni mwake. Akashindwa kwenda mpaka chumbani. Aligonga mlango wa kwanza. Karani alipofungua tu, machozi yakamtoka Bi Pindo.

"Nilijua," alisema. "Uliyoniambia yote nilijua ni kweli."

"Sasa mbona ulinyamaza?"

"Nikimwacha wakili, mwanangu atanipigia kwa ajili ya nini?"

Karani alimkalisha, akamwacha alie mpaka amalize. Kisha akasema, "Osha uso. Kwanza mpigie, umwambie ukweli. Halafu twende benki, tuombe orodha."

Bi Pindo akapiga. Tangu ile jioni ya kwanza, hakuwa amepiga yeye hata mara moja.

"Kwani rafiki yangu ana ubaya gani, mama?" mwanawe aliuliza.

"Hana ubaya. Yuko mbali, na benki haimjui. Natafuta wa hapa." Alivuta pumzi. "Na kosa si lako, baba. Ni langu. Nilimng'ang'ania wakili wako ili nikusikie wewe. Mimi huku niko peke yangu."

"Mama, naitwa kazini," alisema mwana. "Nitakupigia."

Siku mbili zikapita, simu haikulia. Siku nne, haikulia.

*

Benki iliwapa majina ya mawakili watatu wenye ofisi mji ule ule. Wakaenda kwa miguu, Karani mbele, Bi Pindo nyuma.

Wakili wa kwanza alikuwa mcheshi sana. Karani alimwomba aandike ada yake kwenye karatasi, na mambo yote yatakayolipiwa. "Ah, mama, sisi tutaelewana tu," alijibu. Karani alimshika mwenzake mkono, wakatoka. "Anayeogopa kuandika leo," alisema huko nje, "kesho ataandika bila kukuuliza."

Wa pili aliwaambia ukweli mapema. "Mimi ni wakili wa mwalimu anayeuza. Siwezi kumtetea muuzaji na mnunuzi kwa pamoja. Tafuteni wenu."

Wa tatu alikuwa mwanamke mwenye ofisi ndogo juu ya duka la vitabu. Leseni yake ya mwaka ule ilikuwa ukutani. Bi Pindo hakuitazama leseni kwanza. Alitazama pindo la sketi. Lilikuwa na vumbi pande zote.

"Huyu anatembea," alimnong'oneza Karani.

Wakili aliandika ada yake, akaisaini. Akaeleza kazi yake: kukagua hati, kuangalia kama nyumba ina deni au kesi, kusoma ramani ya kiwanja, kuandaa mkataba, kuhamisha hati. "Nitaifanya mwenyewe," alisema. "Na usisaini kitu wala kutoa fedha kabla sijakuambia."

Siku ya tano aliwaita pale kwenye nyumba ya mwalimu. Alikuwa na nakala ya ramani mkononi.

"Hati ni safi," alisema. "Haina deni wala kesi. Lakini kuna jambo hapa mbele. Nani ana kitu cha kupimia?"

"Unamuuliza nani?" Bi Pindo alitoa futi yake mfukoni. "Fundi bila futi ni mpishi bila mwiko."

Walipima kuanzia jiwe la mpaka lililo nyuma ya nyumba. Bi Pindo alishika ncha moja, wakili ncha nyingine, wakaisogeza futi mara nyingi. Walipofika mwisho wa kiwanja, walikuwa wamesimama usawa wa ukuta wa mbele wa nyumba. Baraza lote lilikuwa nje ya mpaka.

"Hii ni hifadhi ya barabara," alisema wakili. "Njia hii itapanuliwa, nimeona mpango wake ofisi ya mji. Mpimaji ardhi atathibitisha, lakini baraza litavunjwa."

Mwalimu alishika kichwa. "Alilijenga marehemu baba. Sikujua, wallahi."

Bi Pindo alikaa chini, pale pale barazani. Mtu alipita akamsalimia, naye hakuitika. Ndilo baraza alilokuwa akilinunua. Vyumba vilikuwa nyongeza tu.

"Mama, unaweza kuacha," wakili alimwambia kwa upole. "Hujasaini kitu. Au unaweza kununua ukijua. Tutaandika kwenye mkataba kwamba baraza halimo, na bei ipungue. Ungesaini bila kujua, ungelipia baraza, kisha ungeliona likibomolewa."

Bi Pindo aliinuka, akaingia ndani. Walimwona akitokeza kichwa katika dirisha la mbele.

"Dirisha hili limo ndani ya mpaka?"

"Limo, mama."

"Na njia ikipanuliwa itakuwa hatua ngapi kutoka hapa?"

Wakili alihesabu kwa miguu. "Nne."

"Hatua nne," alisema Bi Pindo. "Salamu inafika. Andika mkataba."

Mpimaji alithibitisha, mwalimu akapunguza bei. Mkataba ukasainiwa siku tatu kabla ya mwisho wa mwezi. Benki ilipokea barua ya ahadi kutoka kwa wakili inayemjua, ikatoa fedha bila maswali. Mwalimu akaondoka na suruali yake. Hati ikaandikwa jina la Bi Pindo.

*

Baraza lilivunjwa baada ya miezi miwili. Bi Pindo alisimama akalitazama likiondoka, kisha akafagia vumbi. Cherehani ilikuwa dirishani tayari. Siku ya kwanza alisalimiwa na watu kumi na wanne. Baada ya hapo akaacha kuhesabu. Karani alifika kila Jumamosi na gauni jingine lililosinyaa.

Lakini ilipotulia njia, upweke ulirudi. Mwanawe alikuwa amepiga mara mbili tu, mwisho wa mwezi, dakika mbili mbili. Lile neno mama yake alilomwambia, kwamba yuko peke yake, hakuligusa. Bi Pindo alianza kujuta kwamba alilisema.

Kisha siku moja, katikati ya mwezi, saa nne asubuhi, simu ililia.

"Mama."

"Kuna karatasi gani tena?" Bi Pindo alishtuka. "Hati ina tatizo?"

"Hakuna karatasi, mama."

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Sasa kuna nini, baba?"

Mwana alikohoa kidogo. "Hakuna kitu. Nimepiga tu."

Bi Pindo aliondoa mguu kwenye cherehani. Nyumba nzima ikawa kimya. Hapo hapo mama mmoja akapita njiani na ndoo yake.

"Hujambo, fundi?"

"Nani huyo?" mwanawe aliuliza.

"Mpita njia. Subiri kwanza, nimwitikie."

Na mwanawe akasubiri.