Chai ya Chumvi ya Baba Cleophas

Jina langu ni Namalwa. Tunalima mahindi Lugari, kwenye shamba lililokuwa la Mzungu kabla ya Uhuru. Kuna wakati nilichoka sana, nawaambia ukweli. Asubuhi nilikuwa nakama ng'ombe. Kisha napeleka maziwa kwenye chama cha ushirika. Nikirudi, palizi inaningoja. Na katikati ya palizi nasikia sauti kutoka barazani: "Mama Cleophas! Chai iko wapi?"

Huyo ni mume wangu, Wanyonyi. Alikuwa anakaa kwenye kiti chake cha mbao tangu asubuhi, sigara mkononi. Kiti hicho hakikaliwi na mtu mwingine. Ndivyo ilivyo kwetu, kiti cha baba ni cha baba.

Wanyonyi ana kisukari. Daktari wa Kakamega alimwambia aache sukari, na kweli aliacha. Akaanza kunywa chai kwa chumvi, kama watu wa huku wanavyofanyanga sukari ikikosekana. Birika asubuhi, birika mchana, birika jioni. Nyumba nzima tukainywa.

"Sukari nimeishinda," akawa anajisifu. Lakini akitembea hadi zizini tu, anahema na kushika kifua.

"Twende ukapimwe," nilimwambia.

"Ni uchovu tu."

"Uchovu wa kazi gani, Baba Cleophas?"

Akawasha sigara nyingine. Mimi niliogopa sana. Ndugu yake, Sylvanus, alikuwa na kisukari pia. Mwaka uliopita alishika kifua hivyo hivyo, akaanguka kwenye mahindi. Hakuamka.

Jumapili moja Sista Jeruto, nesi wa zahanati yetu, alipita kutusalimu. Nikampa chai. Akaonja, akakunja uso.

"Mama! Hii ni chai au mchuzi?"

"Hiyo ni chai ya mgonjwa wa kisukari," Wanyonyi akajibu kwa maringo. "Daktari alikataza sukari. Chumvi hakuitaja."

Jeruto hakucheka. Alitoa mashine kwenye mkoba, akamfunga ukanda mkononi, akapima.

"Presha yako iko juu sana, mzee."

"Presha na kisukari ni mambo mawili, Sista."

"Yanaumiza moyo mmoja. Kisukari kinaharibu mishipa ya damu polepole, hata mishipa ya moyo. Chumvi nyingi inapandisha presha, na moyo unafanya kazi kwa taabu. Sigara inaharibu mishipa zaidi. Nyama ya mafuta mengi inaiziba. Nawe unakaa tu, unanenepa, sukari inapanda. Mwanaume mwenye kisukari anapatwa na ugonjwa wa moyo upesi kuliko wenzake. Umeacha sukari, vizuri. Lakini haitoshi."

"Ah! Niache chumvi, sigara, mafuta! Si mnizike tu?"

"Usiseme hivyo!" Sauti ilinitoka kwa nguvu, hata mimi nikashtuka. "Nimeshawapikia waombolezaji kwenye boma hili. Sina nguvu ya kuwapikia tena."

Wanyonyi akaweka kikombe chake chini.

"Sylvanus alikunywa chai hii," akasema polepole. "Mimi ndiye nilimfundisha."

"Si chai peke yake, mzee, usijihukumu," Jeruto akamwambia. "Yeye ameenda, lakini wewe bado uko. Kesho nenda hospitali. Na siku yoyote kifua kikibana, usiseme ni uchovu. Upelekwe hospitali saa ile ile."

Kesho yake Wanyonyi alienda hospitali. Daktari alimpa dawa, akamwambia aanze kutembea kidogo kidogo. Sasa chai yetu haina sukari wala chumvi. Tunakula mboga kwa wingi, na nyama tunaitoa mafuta. Sigara ilimsumbua. Aliacha, akarudia, akaacha tena. Wiki hizo alikuwa mkali kama nyigu, nami nikavumilia, ningefanya nini? Kutembea alianza kwa kufika langoni tu. Baadaye akafika barabarani. Siku hizi presha imeshuka, na maziwa anayapeleka mwenyewe.

Juzi nilimaliza palizi, miguu ikakataa. Kiti cha Wanyonyi kilikuwa kitupu pale barazani. Nikakikalia, usingizi ukanichukua. Nilipofumbua macho, yeye amesimama mbele yangu, mkebe wa maziwa mkononi, ametoka ushirika. Hakuwa anahema hata kidogo. Nikainuka haraka.

"Kaa tu, Mama Cleophas," akasema. "Mimi nimekaa ya kutosha."