Wimbo Usiokuwa Kwenye Jalada

Jalada la albamu lilisema nyimbo tisa. Rabia Draku alizihesabu tena kwa ncha ya kalamu, kisha akatazama kompyuta. Tisa. Lakini ndani ya hedifoni, masikioni mwake, wimbo wa kumi ulikuwa umeanza.

Haukuwa na gitaa wala ngoma. Ilikuwa sauti ya kitu kizito kilicholowa, kikiburutwa juu ya sakafu ya saruji kama mkeka uliosahauliwa mvuani, na nyuma yake mtu alikuwa akivuma kinywa kikiwa kimefungwa. Baada ya dakika mbili ukakatika. Chumba kikabaki na harufu ya nywele zilizoungua.

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, katika kituo kidogo cha redio kwenye ghorofa ya pili mjini Arua. Rabia alifungua dirisha harufu itoke, akaandika kwenye daftari lake: "Mwishoni kuna kipande cha kuburuta kitu. Hakina kazi. Wangekitoa."

Kuandika hivyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na mbili, binti wa sajini wa Koboko, na kwa miaka mitatu, kila Jumamosi saa tisa alasiri, alihakiki hewani albamu mpya za hevi metali. Aliwachezea watu thrash inayokimbia kama ng'ombe walioumwa na nyuki, doom inayokwenda polepole kama watu waliobeba jeneza, na death metali ambamo mwimbaji hunguruma kutoka tumboni. Wachungaji walimsema. Mashehe walimsema. Wakulima wa Ayivu, mafundi wa pikipiki na vijana wa makazi ya wakimbizi kule Omugo walimsikiliza, kwa sababu hakuwahi kusifu kazi mbovu ili kumfurahisha mtu.

Jumatano akafungua albamu ya pili, thrash ya vijana wanne wa Gaborone. Jalada lilisema nyimbo kumi na moja. Ya kumi na moja ilipokwisha, mkeka ule ule ukaanza kuburutwa, na safari hii ulikuwa karibu zaidi, kana kwamba aliyeuburuta alikuwa ameshapita mlangoni. Bendi mbili, nchi mbili, wala hazijuani. Rabia akakisikiliza hadi mwisho, maana alikuwa na mazoea ya kutoihukumu kazi aliyoisikia nusu, kisha akaandika: "Kile kile. Bado hakina kazi."

Alhamisi ilikuwa zamu ya albamu ya black metali kutoka Ufini, gitaa zake zikivuma kama upepo wa kiangazi unaopita kwenye mabati. Wimbo wa mwisho ulipoisha Rabia hakuvua hedifoni. Alingoja. Kile kitu kiliburutwa, kikaburutwa, kikasimama nyuma ya kiti chake hasa, na harufu ya nywele ikawa nzito hata macho yakamtoka machozi.

"Rabia," sauti ikanong'ona, taratibu, kwa Kiswahili cha mtaani kwao. "Sema iko muzuri."

Hakugeuka. Hasira ilimjia pamoja na woga, bega kwa bega.

"Haiko muzuri," akasema.

Kioo kilichotenga chumba chake na chumba cha mitambo kikapasuka ufa mmoja mrefu, toka juu hadi chini.

Mlio huo ulimleta mbio Adriko, fundi mitambo. Alikuwa baba wa watoto watatu, mtu mkubwa mwenye sauti ya besi iliyojulikana na kila aliyewahi kusimama nje ya kanisa lao siku ya Jumapili. Rabia alimweleza yote. Adriko akacheka.

"Dada, wewe nasikia makelele siku mingi mpaka masikio nachoka. Leta, mimi nasikia."

"Adriko, acha kwanza. Iko nasema."

"Wacha iseme."

Akavaa hedifoni kabla Rabia hajamzuia. Rabia alimtazama usoni. Aliona kicheko kikipungua, kope zikilegea, na kichwa kikianza kutikisika polepole kama mtu anayebembelezwa.

"Hapana, dada," alisema kwa upole. "Hii iko muzuri. Iko muzuri sana, namna gani wewe—"

Sauti ikakatika katikati ya neno, ila midomo haikukoma. Adriko aliendelea kuichezesha, akashika koo, akafungua kinywa wazi kabisa, na kisitoke kitu, hata pumzi ya mtu anayelia isisikike, wakati machozi yalikuwa yakimwagika na vidole vikikwaruza shingo. Rabia akamvua hedifoni na kuzitupa mezani. Hapo ndipo wote wawili walipoisikia ile besi, nzito, safi, bila kosa, ikiimba wimbo wa kanisani kutoka ndani ya hedifoni, na Adriko amesimama mbele yake akiisikiliza kama mtu anayeona nguo zake zimevaliwa na mwingine.

Ocama, meneja wa kituo, alifunga mlango wa ofisi kabla ya kuzungumza.

"Mimi nalisema," akanong'ona. "Hii muziki ya shetani italeta shetani. Sasa imeleta. Kipindi imekwisha, Rabia. Choma vitu vyote."

"Nikichoma, bosi, sauti ya Adriko iko ndani. Unataka nichome sauti ya mutu?"

Ocama akajifuta jasho kwa tai.

"Nipe mpaka Jumamosi," Rabia akasema. "Mimi sikimbii kwenye kiti yangu."

Ijumaa asubuhi alipanda taksi ya kwenda Koboko, kompyuta mapajani. Shangazi yake, Hajati Aminah, alikuwa akiwasomea wagonjwa wa majini tangu Rabia hajazaliwa. Rabia alimkuta uani akianika mihogo. Alitegemea karipio. Badala yake yule mama alinawa mikono, akakaa kwenye mkeka, akanyoosha mkono.

"Nipe. Mimi hapana hukumu kitu sijasikia."

Alivaa hedifoni juu ya ushungi. Alisikiliza thrash ya Gaborone bila kukunja uso, kidole kimoja kikigonga goti. Kabla wimbo wa mwisho haujaisha akainua mkono, akasoma Ayatul Kursiyyu kimoyomoyo, kisha akaacha kile kipande kipite. Akavua hedifoni, akaziweka magotini.

"Hawa vijana wanapiga kelele, lakini jini haiko kwenye kelele yao," alisema. "Wana hasira tu, na hasira ya mutu naijua. Baba yako alikuwa nayo. Huyu mwingine amekuja kujificha nyuma. Mwizi anapenda nyumba ambayo jirani wanaiogopa, maana hakuna mutu atamutafuta huko."

"Anataka nini, shangazi?"

"Sifa. Jini hii haina kitu yake mwenyewe. Kila mutu anaisifu, anaipa sauti. Wewe kazi yako ni kusema hii muzuri, hii mubaya, na watu wanaamini. Ikipata neno lako, imepata watu wote wanaokusikiliza."

"Basi nitasema ni mbaya. Hewani, wote wasikie."

Aminah akamshika kifundo cha mkono, kwa nguvu.

"Sikiliza vizuri, mutoto yangu. Mimi nitasoma, na nitakaa karibu. Lakini neno iliyoombwa kwako, wewe ndiyo utainyima. Na useme ukweli tupu. Ukidanganya kwa sababu ya hofu, hata kidogo, uongo iko mlango. Itaingia nayo."

Jumamosi saa tisa jua lilikuwa kali juu ya mabati ya Arua. Katika chumba cha mitambo, nyuma ya kioo chenye ufa, Adriko alikaa kwenye kiti chake akiwa na kitambaa shingoni. Alikuwa amekataa kubaki nyumbani. Aminah alikaa kando ya Rabia na tasbihi yake. Ocama alisimama mlangoni, nusu ndani, nusu nje.

Rabia aliwasalimia wasikilizaji kama kawaida. Aliisifu thrash ya Gaborone na kuipa alama nane. Black metali ya Ufini akaipa sita, akisema gitaa ni nzuri lakini mpiga ngoma ana haraka ya kwenda nyumbani. Kisha akasema, "Kuna kazi moja zaidi. Haina jina, na haiko kwenye jalada lolote," akaondoa kidole kwenye kitufe cha kusimamisha, akauacha wimbo uanze.

Haukuwa ule wa siku zile. Mkeka ulisikika kwa mbali tu, kisha juu yake ikapanda besi ya Adriko, na si besi moja bali kumi, ishirini, zikipishana na kukutana, zikishuka mahali ambapo koo la binadamu haliwezi kushuka, na chumba kikajaa harufu ya nywele zilizoungua na chini yake harufu ya udongo wa mvua ya kwanza, na Rabia, aliyesikiliza maelfu ya nyimbo maishani mwake, alielewa kwa hofu kuu kwamba hajawahi kusikia kitu kizuri namna ile, na kwamba kitu kilichokuwa kimesimama nyuma yake, kikimpumulia shingoni pumzi baridi, kilijua kwamba ameelewa, na kilikuwa kinangoja, kwa sababu akisema ni kibaya atakuwa amedanganya, na akisema ni kizuri atakuwa amekipa sifa.

"Sema," kikanong'ona.

Ufa wa kioo uliota matawi. Aminah alikuwa akisoma, sauti yake ikipanda, jasho likimtiririka, lakini hakumgusa mpwa wake. Adriko alikuwa amesimama, viganja vyake juu ya kioo.

Rabia akasogeza midomo kwenye maikrofoni.

"Sauti hii ni nzuri," akasema.

Nyuma yake kitu kilivuta pumzi ndefu ya furaha.

"Ni nzuri, na inajulikana. Ni ya Adriko, fundi wetu, anayeimba besi kanisani kila Jumapili. Anayeijua sauti hiyo, anaijua. Haikutengenezwa na aliyetuletea wimbo huu. Imeibwa. Basi tumtolee Adriko kilicho chake, tusikilize kilichobaki." Akaivuta maikrofoni karibu zaidi. "Kilichobaki ni mkeka. Mkeka uliolowa unaburutwa sakafuni. Hakuna wazo, hakuna hasira, hakuna huzuni, hakuna mtu. Nimekisikiliza mara nne, kwa haki, mpaka mwisho. Mwenye kazi hii hajui kuimba na hana la kusema. Alama yake ni sufuri."

Kelele iliyofuata haikuwa ya wimbo. Kioo chote kilimwagika sakafuni. Kitu kiliburutwa kwa kasi kuvuka chumba, kikampita Ocama mlangoni na kumwangusha chali, kikashuka ngazi kikigonga kila kidato.

Katikati ya vioo Adriko alikohoa. Alikohoa tena, akatema maji meusi kiganjani.

"Dada," alisema. Sauti ilikuwa imekwaruzika, lakini ilikuwa yake. "Dada Rabia."

Aminah aliweka tasbihi chini na kulia bila aibu. Ocama, akiwa bado sakafuni, alinong'ona, "Zima. Zima, tuende nyumbani." Ndipo simu ya studio ikaita, na Rabia, kwa mazoea, akaipokea hewani.

Alikuwa mwanamke wa Pajulu. Alisema kwa haraka, akivuta pumzi.

"Madamu, mzee wangu alikuwa nasikiliza na wewe. Ile wimbo ilianza tu, akasema, eh, hii iko tamu. Sasa anafungua mdomo, hakuna kitu natoka. Na redio tumezima, lakini yeye naimba ndani ya redio. Madamu, tufanye nini?"

Ocama alijifunika uso. Rabia alitazama taa nyingine tatu za simu zikianza kuwaka, moja, nyingine, nyingine. Aminah tayari alikuwa akitafuta viatu vyake chini ya meza, na Adriko alikuwa amechukua funguo za pikipiki.

"Mama, usiondoke karibu na hiyo redio," Rabia akasema. "Tunakuja sasa hivi. Na wengine wote mnaonisikia, Arua, Koboko, Omugo, kila mahali: ukiusikia huo wimbo, usikimbie na usiusifu. Kaa. Sikiliza mpaka mwisho. Kisha useme mwenyewe, kwa mdomo wako, sauti ni ya nani."