Ufagio wa Ufukweni

Kila asubuhi, kabla ya kuloweka nguo za watu, Dobi alishika ufagio na kushuka ufukweni. Alifagia mchanga wote ulio nyuma ya nyumba yake. Alikusanya majani makavu yaliyoletwa na bahari. Akiona mmea unaotambaa umechungulia mchangani, aliung'oa mpaka mzizi. Kisha alichoma taka zote, akanawa mikono na kuanza kufua.

Hakuwa peke yake. Mtaa mzima ulifagia ufukwe. Mwanamke aliyeolewa hapo alikabidhiwa ufagio kabla hata ya kuonyeshwa jiko. Dobi alikabidhiwa wake na mama mkwe, ambaye bado aliishi nao. Bibi huyo alikuwa amekula chumvi nyingi, lakini macho yake yalikuwa mazima. Jani moja likibaki mchangani, aliliona akiwa dirishani.

"Watu watasema nini?" aliuliza. "Watasema mwanangu ameoa mvivu."

Basi Dobi alifagia. Lakini bahari ilizidi kusogea.

Zamani palikuwa na nafasi ya kamba tatu za kuanikia nguo kati ya nyumba na maji. Sasa ilibaki moja. Nguzo za zile nyingine zilikuwa zimechukuliwa na mawimbi. Kisha siku moja Dobi aliona ufa kwenye ukuta wa chumba cha pasi, chumba cha mwisho upande wa bahari. Aliingiza kidole. Kikaingia chote. Alipozunguka nje, alikuta mchanga chini ya msingi umeliwa.

Dobi aliogopa sana. Meza, pasi na nguo za wateja vyote vilikuwa humo. Chumba hicho kikianguka, kazi imekwisha. Na kazi hiyo ndiyo iliyolisha nyumba.

Jambo moja lilimchanganya kabisa. Watu wa mtaa wa pili hawakufagia. Ufukwe wao ulijaa majani ya bahari, na mimea ilitambaa hovyo. Watu wa mtaa wa Dobi waliwaita wavivu na kuwacheka. Lakini ufukwe wa wavivu ulibaki mpana kama zamani.

"Sisi tunaosafisha tunaliwa," Dobi alimwambia mumewe. "Wale wachafu wameachwa. Hebu nieleze, baba watoto."

Mumewe alikuwa mwashi. Kwake kila tatizo liliishia kwenye matofali au mawe. "Bahari haijui nani msafi," alisema. "Dawa yake ni ukuta."

Akajenga ukuta wa mawe, mzuri, ulionyooka. Majirani wakamsifu. Lakini mawimbi yalipiga ukuta, yakarudi kwa nguvu na kuchimba mchanga mbele yake. Msimu haukuisha ukuta ukainama, kisha ukalala chali. Mwashi alisimama akikuna kichwa. Nyumba zote alizojenga zilikuwa zimesimama. Dobi naye hakujua acheke au alie.

Ndipo ofisi ya serikali inayotunza pwani ilipomtuma mtaalamu wa fukwe. Alikuwa mwanamke mfupi, mchangamfu, aliyetembea na viatu mkononi. Alitazama ufa. Akatazama mawe yaliyolala.

"Fundi, mchanga wa kujengea mliutoa wapi?"

Mwashi alionyesha ufukweni.

"Kwa hiyo mmeuchota ufukwe ili usiondoke."

Mwashi alitazama vidole vyake vya miguu.

"Na nani anafagia hapa? Pamependeza."

"Mimi," alisema Dobi kwa fahari.

"Acha kufagia, dada."

Dobi alidhani anataniwa. Maisha yake yote ya ndoa alisifiwa kwa ufagio huo.

Mtaalamu aliwachukua mpaka mtaa wa pili, Dobi, mumewe na mama mkwe. Aliinua fungu la majani makavu. Chini yake palikuwa na kilima kidogo cha mchanga.

"Upepo unapeperusha mchanga," alisema. "Majani haya yanaudaka. Mkiyaondoa, mchanga hauna pa kukaa. Ufagio wenyewe nao unaulegeza. Sasa dada, vuta mmea huo, taratibu."

Dobi alivuta. Mmea haukutoka. Mizizi yake ilikuwa imeushika mchanga kila mahali. Alikumbuka mimea yote aliyoing'oa, akajisikia vibaya.

Mama mkwe hakufurahi hata kidogo. "Nilifagia ufukwe wetu tangu nikiwa bibi harusi," alisema. "Leo naambiwa nimebomoa nyumba ya mwanangu?"

"Hapana, mama," mtaalamu alijibu kwa upole. "Zamani bahari ilileta mchanga mwingi. Mlichoondoa hakikuonekana. Siku hizi unakuja kidogo, na mawimbi yana nguvu zaidi. Ufukwe hauna tena akiba."

Bibi aligeuka, akatangulia kurudi nyumbani peke yake, na hilo lilimtisha Dobi kuliko maneno yake.

Kazi ikaanza. Kwanza walihamishia pasi na nguo sebuleni, ili ukuta usije ukaangukia mtu. Mwashi na majirani waliondoa mawe. Walichomeka matawi makavu mchangani, juu ya mahali maji yanapofikia kwa kawaida, wakatengeneza ua wenye mianya ya kupitisha upepo. Nyuma ya ua walipanda vipande vya mimea vilivyotoka mtaa wa pili, na wavivu wenyewe walikuja kusaidia, wakiwatania bila huruma. Watu wote waliambiwa wapite kwenye njia moja, wasikanyage miche. Chupa na plastiki waliziokota kwa mkono. Majani ya bahari yaliachwa palepale.

Kisha wakasubiri, na hakuna kilichotokea. Majani yalinuka. Wateja waliuliza kama Dobi ni mgonjwa. Mkono wake ulimwasha kila asubuhi. Wakati mwingine alishika ufagio bila kufikiri, akafika nusu ya njia, akarudi. Sebuleni watoto walikalia mashati yaliyopigwa pasi. Alijiuliza kama wamemsikiliza mtu wa kuwapoteza.

Mwashi ndiye aliyeona kwanza. "Mama watoto, njoo. Ua wetu umekuwa mfupi."

Ua haukuwa mfupi. Mchanga ulikuwa umepanda.

Ulipanda polepole. Mimea ikatambaa juu yake, ikatoa maua ya zambarau. Kabla msimu wa mawimbi makubwa haujarudi, palikuwa na tuta la kumfika mtoto kiunoni.

Kisha mawimbi yalikuja. Siku nzima yalipiga tuta na kulimega. Dobi alisimama mlangoni, roho juu. Alimpigia simu mtaalamu.

"Linaliwa," alisema.

"Ndiyo kazi yake," mtaalamu alijibu. "Liliwekwa liliwe badala ya nyumba. Bahari ikitulia, litajaa tena. Dhoruba kubwa kupita hii inaweza kulishinda, kwa hiyo msiache kulitunza."

Bahari ilipotulia, nusu ya tuta ilikuwa imekwenda. Chumba cha pasi kilisimama. Mchanga uliobaki chini ya msingi ulikuwa palepale. Mwashi alinunua mchanga wa machimbo, akaimarisha msingi na kuziba ufa. Pasi zikarudi mahali pake.

Asubuhi iliyofuata Dobi aliamka akasikia sauti ya ufagio nje. Alikimbia bila viatu. Mama mkwe alikuwa kwenye njia ya ufukweni, ameinama, anafagia.

"Mama, tafadhali. Tulikubaliana."

Bibi hakuinua kichwa. Alikuwa anayafagia majani yaliyotapakaa njiani, anayarundika chini ya tuta, pale lilipomegwa.

"Usinitazame hivyo," alisema. "Yakibaki njiani watu watayakanyaga bure. Kalete ufagio wako."