Ngazi Tuliyoifunga Kando ya Dijla

Jua lilikuwa linazama, nami nimebakiwa na jiwe moja.

Moja tu. La mwisho kabisa, pale njia yetu mpya inapougusa mto Dijla. Miezi mitano nilikuwa nimepiga magoti katika mtaa ule mkongwe wa Baghdadi, nikipanga mawe ili watu watembee. Magari yamefukuzwa. Mabenchi yamewekwa chini ya roshani za mbao, na kila ukingo umegeuzwa mteremko, mzee apite na mkongojo wake, mama asukume kigari cha mtoto. Mimi sikusoma chuo cha ufundi. Nilijifunza kwa kujiponda vidole. Lakini mwaga maji juu ya kazi yangu uone kama tone litatuama.

Jiwe lile lilikuwa la kufunika ngazi ya zamani iliyoshuka majini. Wanawake walizoea kushukia hapo kuiachia mishumaa ya nadhiri ielee mtoni. Mhandisi Sinan akasema ifunikwe, watu wasije wakateleza. Sikubishana. Shida ni kwamba pembeni ya ngazi kulikuwa na shimo, na shimo lile lilikula mchanga. Unamwaga ndoo, linameza. Unamwaga nyingine, linameza.

Simu ikalia. "Kesho kutwa uzinduzi, Baba Rusul," alisema Sinan. "Usije ukaniaibisha."

Hapo damu ikanipanda. Nikanyakua ndoo ya lami iliyokuwa inachemka, nikalitukania shimo lile mama yake, nikamimina yote.

Kwetu hata mtoto anajua. Usimwage kitu cha moto ardhini, tena saa za magharibi, kabla ya kutaja jina la Mungu na kuwabishia hodi wenyewe wa chini, wapate kujitoa njiani. Mke wangu hufanya hivyo hata akimwaga maji ya wali.

Mimi sikusema kitu.

Ikatoka sauti. Nyembamba... ya mtoto. Kisha kimya.

Kadhum, mwenzangu wa kazi, akaitoa sigara mdomoni. "Umesema bismillahi?"

"Hewa hiyo inatoka."

"Hewa inaita mama?"

"Shika jiwe wewe, acha woga wa vikongwe!"

"Haya. Hasira zako zitakuzika kabla ya sigara kunizika mimi."

Tukalilaza jiwe. Nikaligonga kwa nyundo ya mpira. Likakaa sawasawa.

Nyumbani nilimkuta Rusul, binti yangu wa miaka saba, yuko sakafuni, mama yake anamvuta mikono asimame. Miguu haishiki. Inalegea kama kamba.

"Tangu saa ngapi?"

"Adhana ya magharibi. Alikuwa anaruka kamba, mara akaanguka."

Nikainama, nikazinusa nyayo zake.

Lami.

Asubuhi daktari alimpiga picha, akamchomachoma vidole kwa sindano. "Mifupa mizima, mishipa mizima. Nikisema najua, nitakuwa nadanganya." Nilimheshimu kwa hilo. Rusul akaniuliza kama atapona kabla ya uzinduzi, maana nilimwahidi atakuwa wa kwanza kuyakanyaga mawe ya baba yake. Nilitoka nje.

Jioni nikarudi mtoni, peke yangu, na mtaimbo begani.

Alikuwa ameketi juu ya jiwe langu.

Mwanamke. Abaya yake nyeusi inachuruzika maji, lakini jiwe chini yake kavu kabisa. Mapajani amepakata kitu, amekifunika kwa ncha ya vazi. Harufu ya tope la mto... na ya nywele zilizoungua.

"Karibu, fundi," alinong'ona. "Njia umeitengeneza nzuri. Kila mtu atatembea."

Nikaushusha mtaimbo begani.

"Isipokuwa wangu."

Akafunua kidogo. Nikaona nyayo mbili ndogo. Nyeusi. Zinang'aa.

Niligeuza uso. "Kosa langu," nikasema. "Silikatai. Lakini binti yangu hakumwaga kitu. Mwachie."

"Kwanza tufungulie mlango."

Akasogea ukingoni, akaketi tena. Nikapiga mtaimbo. Jiwe likang'oka, lami ikapasuka vipande vipande, na pumzi ya joto ikanipiga usoni kutoka chini. Huko ndani, mbali, watu walikuwa wanazungumza. Wengi...

Wakanyamaza.

"Nimefungua," nikasema. "Sasa mwanangu."

"Nisikilize kwanza, Baba Rusul. Kuna namna mbili. Ya kwanza inachukua muda, na lazima wewe mwenyewe..."

"Sitaki hadithi! Mimi nimetimiza langu. Fanya unavyojua, mtoto atembee!"

"Nifanye ninavyojua?"

"Ndiyo! Leo hii!"

Alinitazama kitambo. Nadhani alinionea huruma.

"Haya. Umesema mwenyewe."

Akasimama, akashuka ngazi taratibu, akapotelea gizani.

Nilikuwa nimefika nusu ya njia ya kurudi ndipo nikakumbuka.

Alishuka mikono mitupu, bila mtoto wake.

Rusul ndiye aliyenifungulia mlango. Amesimama wima! Mama yake analia, anacheka, anawapigia majirani simu. Nikambeba, nikazunguka naye sebule nzima. Alikuwa wa baridi kidogo. Hakucheka.

Sinan alifoka kuhusu ngazi. Nikamwambia akiifunika tena, nitaifungua mbele ya wageni wake. Akaweka kizuizi cha chuma na kibao cha tahadhari, yakaisha. Siku ya uzinduzi Rusul alitangulia kwenye mawe, watu wakapiga makofi.

Miezi minane imepita. Anatembea, anakula, anaruka kamba. Ijumaa moja mke wangu alikuwa anamwogesha, akaniita kwa sauti ya chini.

"Baba Rusul... lile kovu la goti liko wapi?"

"Limepona."

"Kovu lina kupona?"

"Mkaushe mtoto nywele, Mama Rusul."

Hatukulizungumza tena. Lakini siku hizi mke wangu halali chumba kimoja naye.

Mtaa umependeza, siwezi kusema uongo. Jioni wanakuja wachumba, wazee, walemavu kwenye viti vyao, wanakunywa chai, wanasikiliza mto. Mimi hukaa benchi la mwisho, karibu na ngazi. Kadhum hunitania kwamba nimeposa jiwe. Namwacha aseme.

Adhana ya magharibi ikiisha, watu wakinyamaza kidogo, huwa naisikia. Inatoka chini kabisa ya ngazi. Sauti ninayoijua tangu ilipokuwa haijaweza kutamka neno.

"Baba... njoo unibebe. Siwezi kutembea."