Hapo Pana Mtu

Siku ya kwanza fundi cherehani alidhani ni mchezo wa watoto. Binti yake na mapacha wawili wa darasani kwake walikuwa wamekaa kwenye benchi la wateja baada ya shule, kama kawaida yao, lakini waliacha nafasi katikati, ya kumtosha mtu mmoja mwembamba. Mama mmoja aliyekuja kuchukua suruali ya mumewe akataka kujipumzisha pale. Binti akamzuia kwa adabu.

"Samahani, mama. Hapo pana mtu."

Yule mama akalitazama benchi, akamtazama fundi, akacheka na kubaki amesimama. Fundi naye akacheka. Watoto wa umri ule wana mambo yao.

Ukweli ni kwamba fundi alijivunia binti huyo kupita kiasi. Shuleni walimwita Malkia. Akifunga utepe wa bluu leo, kesho nusu ya darasa imefunga utepe wa bluu, na mama yake, fundi mwenyewe, ndiye aliyekuwa akiwakatia bure kutoka kwenye mabaki ya vitambaa. Yeye mwenyewe alipokuwa na umri huo alikula peke yake nyuma ya vyoo vya shule mwaka mzima, kwa sababu tu wenzake waliamua hivyo. Basi alipoona benchi lake limejaa wasichana wanaomgombea mwanawe, roho yake ilitulia, na hakutaka kuchokonoa.

Ila jambo moja lilimkereketa. Zamani wasichana wa benchi lile walikuwa wanne. Wa nne alikuwa Kidoti, binti wa msusi wa chumba cha pili, aliyeitwa hivyo kwa doa jeusi lililokuwa juu ya mdomo wake. Yeye na Malkia walikua pamoja, wakimumunya pipi moja kwa zamu. Sasa Kidoti alikuwa akipita mbele ya duka macho chini, kama mtu aliyeangusha sindano.

"Mmegombana na Kidoti?" fundi aliuliza.

"Hatujagombana na mtu," Malkia akasema. Mapacha wakaitazama kwanza ile nafasi katikati yao, ndipo wakacheka.

Siku chache baadaye Malkia alileta uzi wenye mafundo. Wateja wa mbali walizoea kumtumia fundi vipimo kwa njia hiyo, fundo la bega, fundo la kiuno, fundo la mkono.

"Mama, mshonee mwenzetu sare. Anaitwa Mgeni."

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," fundi akatania. "Mwambie aje nimpime."

"Hawezi kuja mbele ya watu wazima. Bado."

Fundi akaunyoosha uzi mwilini mwake. Bega lilikuwa la mtoto, na kiuno kilikuwa cha mtoto. Mkono ukashuka, ukapita paja, ukaishia chini ya goti.

"Hapa mmekosea."

"Hatujakosea," Malkia akanong'ona. "Shona hivyo hivyo, mama. Tafadhali. Ataniuliza."

Katika sauti ile fundi aliisikia hofu aliyoijua vizuri, hofu ya mtoto asiyetaka kuachwa na wenzake. Huruma ikamzidi akili. Akashona. Vifungo vyeupe vilikuwa vimemwishia, akachomoa vya blauzi yake kuukuu, vya kahawia vyenye doa la manjano katikati, kama macho ya paka. Asubuhi Malkia aliondoka na gauni lile, jioni akarudi nalo na kulitundika msumarini. Likawa linakaa hapo.

Tangu hapo duka likaanza kunuka nywele zilizoungua. Fundi akamlaumu jirani yake na kichana chake cha moto, lakini kimoyomoyo, maana ujirani ni kuvumiliana. Mara nyingine alikuta kanyagio la cherehani linapanda na kushuka polepole, kama mtu aliyekuwa akishona ameinuka sasa hivi. Akaukaza mkanda wa mashine. Akajiambia ni upepo.

Kisha msusi akaingia akimvuta Kidoti kwa mkono. Shingo ya mtoto ilikuwa na mikwaruzo, na vifungo vya sare yake vyote vilikuwa vimenyofolewa.

"Jirani, tumeombana chumvi miaka yote hii," msusi akasema. "Mwambie mwanao amwache mwanangu."

Fundi aliona aibu mpaka masikio yakamwasha. "Malkia. Ni wewe?"

"Si mimi. Ni Mgeni. Tulimwambia aache."

"Usinifanye mjinga. Huyo Mgeni ni nani?"

Aliyejibu ni Kidoti, kwa sauti ndogo, akiuangalia mlango.

"Ni kiti changu, mama mkubwa. Malkia alimtania msichana mmoja darasani, wote wakacheka, mimi sikucheka. Kesho yake wakaniambia nimehama. Kiti changu wakakifanya cha Mgeni. Wanakisalimia asubuhi, wanakiazima kalamu, wanakisogezea chakula, ili mimi nione. Malkia akisema jambo wanakigeukia, wanasema, 'Mgeni amecheka.' Tulijua wote kwamba hakuna mtu." Akameza mate. "Halafu siku moja kiti kikacheka kweli."

Fundi aliwaza kwamba watoto hawa wamepanga uongo mmoja, tena mzuri, na akawashuku wote, hata huyu mwenye mikwaruzo. Ili kubadilisha maneno akasema, "Nawe jirani, punguza moto wa hicho kichana. Nywele zinanuka mpaka huku."

"Umeme wangu ulikatwa juzi," msusi akajibu. "Sijachoma nywele ya mtu."

Kesho yake alasiri mvua ilinyesha kubwa, duka likawa na kiza kabla ya wakati. Fundi alikuwa nyuma ya pazia la kujipimia nguo akikunja vitambaa, na wasichana wakanong'ona kwenye benchi, sauti ya Malkia, sauti za mapacha zinazofanana, halafu sauti nyingine kavu, inayotoka kama pumzi ya mtu aliyekaa muda mrefu bila kusema na sasa anaonja maneno, na sauti hiyo ikauliza, "Kesho tumwache nani?" na mapacha wakaanza kulia bila kelele, na fundi akasogeza pazia kwa kidole akaona msumari mtupu, akaona gauni limekaa katikati ya watoto, limejaa, bega la mtoto na kiuno cha mtoto, mkono mmoja umelala magotini kwa pacha mmoja, na mkono wa pili umepita nyuma ya mgongo wa Malkia, umemzunguka, umefika mpaka kifuani pake na kumpigapiga pale taratibu, kama mama anayembembeleza mwanawe alale.

"Malkia," sauti ikasema. "Kesho tumwache Malkia."

Fundi alipopiga kelele, gauni lilikuwa limelala sakafuni kama nguo yoyote iliyoanguka. Malkia alikuwa na alama nyekundu za vidole kifuani.

Mganga waliyempata hakuwa na tunguri wala manyoya. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani, na simu yake iliita kila mara. Alizunguka benchi, akanusa, akakaa mbali nalo.

"Hili jini halikuvunja mlango," akasema. "Limeitwa, likapewa kiti, likapewa chakula, na wewe mama ukalivisha. Nikifukiza ubani hapa mpaka kesho litaninyamazia tu. Anayeweza kuliondoa ni mwenye kiti. Watoto wamwombe radhi, akae mahali pake, wamsalimie kwa jina lake mbele ya watu. Na wewe, mkono uliounga ndio ufumue. Kisha uchome. Usibakishe kitu. Unanisikia? Kikulacho ki nguoni mwako."

Kumshawishi Kidoti hakukuwa rahisi. Malkia alipiga magoti kwenye saluni ya msusi mbele ya wanawake waliosukwa nusu kichwa, akalia kweli, akasema yote aliyofanya bila kupunguza. Kidoti alimwangalia kwa muda mrefu. Fundi, aliyekuwa mlangoni, alitamani uso ule ulainike kidogo. Haukulainika, lakini mtoto akainuka.

Akakaa katikati ya benchi. Wakamsalimia kwa jina, mmoja mmoja. Fundi akafumua mshono kwa mshono, na kila uzi ulipokatika kitu kilivuta pumzi karibu na sikio lake. Harufu ikapanda hadi macho yakatoka machozi, mkanda wa cherehani ukakatika wenyewe, na mara chumba kikawa chepesi. Mapacha wakaanza kucheka kwa kufarijika. Fundi akakusanya vipande na nyuzi zote, akavichoma nje mpaka vikawa majivu.

Vifungo havikuingia motoni. Fundi hatupi kifungo. Kabla ya kutupa nguo yoyote mkasi wake huvikata kwanza, na mkono ulikuwa umeshavikata na kuvitia kwenye kopo pamoja na vingine kabla akili haijauliza. Hata hakukumbuka.

Wiki ileile akamshonea Kidoti sare mpya, kama fidia. Alimpima mwenyewe, akashona mikono ikafika mpaka kwenye viganja barabara.

"Vifungo nitavishona mwenyewe nyumbani, mama mkubwa," Kidoti akasema.

"Chagua unavyopenda, mwanangu. Kopo lile pale."

Siku zikapita vizuri. Kidoti alikuwa akija dukani akicheka, mapacha nyuma yake, na wasichana wengine wawili ambao fundi hakuwajua. Msusi aling'ara kwa furaha. "Siku hizi mwanangu ana marafiki," alisema, na fundi akafurahi naye.

Jioni moja benchi lilikuwa limejaa. Malkia akaja amechelewa, peke yake, na mkoba wake umepasuka upande. Akasimama mlangoni. Hakuna aliyeinua uso.

"Sogeeni kidogo," fundi akasema. "Mwenzenu akae."

Kidoti akageuka polepole. "Mwenzetu nani, mama mkubwa?"

Mapacha wakamtazama Kidoti kwanza, ndipo wakacheka. Malkia akaangalia chini. Duka lilikuwa linanuka nywele zilizoungua, na saluni ya msusi ilikuwa imefungwa tangu mchana. Kidoti akainuka, akaja mpaka kwenye meza ya kukatia, na vifungo vya kahawia vyenye doa la manjano vikamtazama fundi kutoka kifuani kwa mtoto.

"Mama mkubwa," akasema kwa upole, akiweka mikono yote miwili juu ya meza. Mikono ya sare ilikuwa imeishia kwenye viwiko. "Naomba uniongezee. Imekuwa mifupi."