Mulishani, Mayo

Restuta wa darasa la tano hakuwa na Jumamosi ya kucheza. Siku hiyo alishinda kwenye kibanda cha mama yake, Marita, karibu na foleni ya malori pale Tunduma. Mama alipika wali na maharage, akawapelekea madereva. Restuta aliosha sahani na kupokea simu.

Sahani hazikumchosha. Simu ndiyo iliyomchosha. Kulikuwa na muuza magodoro wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, aliyeipata namba yao sijui wapi. Asubuhi alipiga, mchana alipiga. Kila mara alianza kwa salamu ya Kibemba: "Mulishani, mayo!" Yaani, hujambo, mama. Baada ya hapo ni magodoro tu.

Jumamosi moja baba yake, Jairo, alivuka kwenda Nakonde na Ombeni, mdogo wake Restuta wa miaka mitatu, kumsalimia shangazi. Mama alikuwa kwenye malori simu ilipoita. Namba ya Zambia.

"Mulishani, mayo. Mtoto..."

"Hatununui!" Restuta akakata.

Ikaita tena. "Mayo, tafadhali..."

"Mkome! Sisi tunalalia mkeka!"

Anyitike, dereva aliyekuwa akila, alicheka mpaka akapaliwa. Restuta akajiona mjanja. Ilipoita mara ya tatu, akaizima kabisa.

Mama akarudi. "Mbona simu imezimwa?"

"Wale wa magodoro, mama. Leo nimewakomesha! Siku hizi wamemweka mwanamke."

"Mwanamke? Alisemaje?"

"Alisema... mtoto."

Sinia likamponyoka mama mkononi. Akaiwasha simu, akapiga ile namba. Inatumika. Akapiga tena. Inatumika. Hata Anyitike aliacha kutafuna.

Mara ya nne ikapokelewa. Alikuwa nesi wa zahanati ya Nakonde.

"Mayo, Ombeni ana homa kali. Simu ya baba imeisha chaji. Anasema kuna sindano iliwahi kumvimbisha mtoto, ila hajui ni ipi. Yeye alikuwa shambani Msangano wakati ule."

"Penisilini!" mama akapiga kelele. "Msimchome penisilini!"

Mama akaikandamiza simu sikioni.

"Nesi? Umeshamchoma?"

"Bado, mayo. Hamkupatikana, nikawa naivuta kwenye bomba la sindano. Basi tutampa dawa nyingine."

Mama akakaa chini, palepale kwenye vumbi.

Jioni Jairo alirudi na Ombeni mgongoni, homa imeshuka, analilia wali. Restuta alishindwa kumtazama.

"Nisamehe, mama. Nilidhani ni wale wale wa magodoro."

"Salamu hiyo Nakonde nzima wanaitumia," mama akasema. "Mtu akipiga, mwitikie, muulize ni nani na ana shida gani. Akiwa muuzaji, mwambie, 'Samahani, hatuhitaji, naomba usitupigie tena.' Akizidi kusumbua, niachie mimi."

"Na kama ananichosha?"

"Chokeni wote wawili. Lakini usimkatie simu mtu ambaye hujamsikia. Leo ungevumilia maneno manne tu, mwanangu, nesi angekuwa ameshasema."