Karanga za Madam Shamila

Foleni ya duka la kutoa kopi karibu na soko la Sabasaba, Dodoma, ilifika hadi barazani siku Cornel na Shamila walipokutana. Wote walikuwa walimu wa kemia, kila mmoja na shule yake, na wote walikuja kudurufu mitihani. Karatasi ya Cornel ilipeperuka kutoka kwenye mashine, ikaangukia miguuni pa dada aliyevaa gauni la kitenge cha kijani na mtandio mweusi. Dada akaiokota, akaisoma, akatabasamu.

"Mwalimu, naitrojeni yako ina nukta sita. Elektroni zake za nje ni tano."

"Hiyo ya sita nimeizawadia," Cornel alijibu, uso umemwiva kwa aibu.

Akasahihisha kwa kalamu, akaomba namba ya simu.

Jioni zikajaa simu. Cornel alimwita Shamila Madam, mwanzoni kwa heshima ya kazi, baadaye kwa sauti iliyomfanya Shamila atoke nje ili mwenzake wa nyumba, Debora, asimwone akicheka. Siku moja Shamila alimkaribisha darasani kwake Nkuhungu. Kila dawati lilikuwa na sahani yenye alama ya atomu katikati, na karanga pembeni. Karanga ndizo elektroni za mzunguko wa nje, zile ambazo kwazo atomu huungana na wenzake.

"Kila upande upate moja kwanza," aliwaambia wanafunzi, "ndipo zikae mbili mbili."

Cornel alimtazama binti mmoja akipanga karanga saba za klorini, kisha akiliona mwenyewe pengo lililobaki na kuligusa kwa kidole. Walipotoka alimwambia Shamila kwamba anampenda na angetaka kumpeleka Bahi kwa mama yake. Shamila alirekebisha mtandio, akamkumbusha kuwa baba yake ni imamu huko Kondoa, na yeye Cornel ni Mkristo. Akaomba muda wa kufikiri.

Kabla hajajibu, ikaja semina ya walimu wa sayansi wa mkoa. Cornel alipewa nafasi ya kufundisha mbele ya wenzake, akatumia karanga. Ukumbi ulimshangilia. Mkufunzi aliuliza kama ubunifu huo ni wake, naye akainamisha kichwa huku akicheka. Video ikazunguka. Debora ndiye aliyemwonyesha Shamila.

Shamila aliitazama hadi mwisho, akaizima simu. Cornel alipiga, hakupokelewa. Akaamini amekataliwa kwa sababu ya dini, na kwa kuwa hakutaka kumsumbua binti wa watu, naye akanyamaza. Akakonda, mashati yakampwaya.

Alipokutana na Debora benki alimsalimu na kusema anauheshimu uamuzi wa Shamila kuhusu imani. Debora alimkazia macho.

"Imani gani? Umesimama mbele ya mkoa mzima na kazi yake, jina lake hukulitaja."

Cornel aliketi kwenye kiti cha wateja, akaitafuta video, akajitazama. Palepale aliandika kwenye kundi la walimu kwamba njia ya karanga ni ya Madam Shamila wa Nkuhungu, kwamba yeye aliiona darasani kwake, na kwamba alipoulizwa alipaswa kusema. Wengine walimcheka. Mkufunzi akaomba namba ya Shamila.

Kesho yake alasiri Shamila alimkuta akimsubiri nje ya geti la shule, shati jeupe limeshika vumbi jekundu la upepo wa Dodoma.

"Kwa nini ulinyamaza ulipoulizwa?" aliuliza Shamila.

"Niliyapenda yale makofi, Madam. Sina sababu nyingine."

Shamila alikuwa amejiandaa kusikia visingizio, si hayo.

"Ungeniomba, ningekupa kwa moyo mweupe," alisema. "Kilichoniuma ni kuona ulidhani sitajua."

"Nisamehe."

Walitembea bega kwa bega hadi barabarani. Hapo Shamila alisimama, akasema Jumamosi anakwenda Kondoa, na kwamba mwanaume anayekuja kwa baba yake haji peke yake. Huja na mtu mzima wa ukoo.

"Nitamwomba baba mdogo," Cornel alisema. "Baba yako atanikubali?"

"Sijui," Shamila alisema, akamkung'uta vumbi begani mbele ya wapita njia wote. "Na mimi naogopa. Lakini njoo."